Hawisa na Mgeni wa Usiku wa Tatu

Watu wa Stanbeck siku hizi wakikusimulia habari za Hawisa watakuambia alinyang'anywa nyumba yake kwa sababu aliacha damu imwagike ndani. Hao ni waongo, na wengi wao wanajua kwamba ni waongo, maana walikuwa wateja wake. Wamekunywa pombe yake miaka ishirini na miwili, wamekula samaki wake wa chumvi na njegere zake, wamelala fofofo kwenye magodoro yake ya majani makavu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuamka akakuta mfuko wake umeguswa. Mimi Emota, mjane wa Gilbert, nilikuwa na nyumba ya wageni mkabala na yake, mlango unatazama mlango, barabara katikati. Naijua habari hii kuliko wao wote. Naiandikisha kwa karani wa kanisa nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Hawisa alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono ya mtu aliyekoroga shayiri tangu utotoni. Mumewe alikufa kwa homa akamwachia nyumba ya vitanda saba karibu na lango la kaskazini, kwenye njia ya York. Nyumba za langoni zina taabu kuliko zote. Hapo ndipo wanapoingia wachukuzi wa sufu wenye kiu ya siku mbili, mahujaji wanaojifanya watakatifu mpaka wapate kikombe cha tatu, na askari waliotoka vitani mpakani kwa Waskoti bila kulipwa. Wenye nyumba wengine huweka mwanamume wa miraba minne mlangoni, na rungu mkononi. Hawisa hakuweka mtu. Aliweka boriti yenye kulabu.

Boriti hiyo ilikuwa ukutani, nyuma ya pipa kubwa, mahali ambapo huwezi kufika bila kumsukuma yeye kwanza. Amri ya mji inasema kila mwenye nyumba amwambie mgeni aache silaha mlangoni. Sisi wengine tulikuwa tunamwambia, halafu tunageuza uso upande mwingine. Hawisa alikuwa anadai. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono, akangoja mpaka kisu kilale kiganjani mwake. Kisu cha kukatia mkate alikuachia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia askari mmoja mrefu, mwenye upanga uliomfika kifundo cha mguu, "Kaka, leo kuna supu. Supu hatuikati kwa upanga." Wenzake yule askari wakacheka, naye akacheka, upanga ukaenda kwenye kulabu.

Na wawili wakianza kutunishiana misuli, aliwaletea kikombe kimoja cha mti chenye mikono miwili, kimejaa mpaka ukingoni. "Haya, mabwana, kila mtu ashike upande wake. Atakayeachia kwanza anatoka nje." Mwanamume hawezi kurusha ngumi huku ameshika pombe iliyojaa, na akiwa na kiu hataki kuimwaga. Wanabaki wanatazamana kama majogoo waliofungwa kamba, watu wanawacheka, hatimaye wanakunywa. Padri alikuwa na mahubiri ya saa nzima juu ya ulevi na hakuwahi kupatanisha watu wengi hivyo.

Sasa nieleze jambo la usiku wa tatu, kwa kuwa hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Sheria yetu ni ya zamani kuliko kuta za mji. Mtu akilala kwako usiku mmoja, ni mpita njia, akifanya kosa ni lake. Akilala usiku wa pili, ni mgeni, kosa bado ni lake. Akilala usiku wa tatu, amekuwa mtu wa nyumba yako, kama mwanao au mtumishi wako. Akiiba, akipiga, akiua, wewe ndiwe utakayemfikisha mbele ya baraza. Ukishindwa kumleta, unalipa kwa kila ulicho nacho.

Ndiyo maana mimi na Hawisa tulikuwa na mapatano. Wageni wake wakifika siku ya tatu, kabla ya kengele ya jioni, wanachukua mizigo yao wanavuka barabara kuja kwangu, na wangu wanavuka kwenda kwake. Hesabu inaanza upya. Liwali anajua, padri anajua, mji mzima unajua. Wageni wenyewe walizoea. Mchukuzi wa sufu alikuwa anaanza kukunja blanketi lake bila kuambiwa. Tulifanya hivyo miaka kumi na minne na hatukukataliana hata mara moja.

Kisha ukaja ugomvi wetu, na ulikuwa ugomvi wa kipuuzi. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, kwangu mwendesha mkokoteni mmoja alilewa akapindua meza, na mimi nikawa nahangaika naye, vuta nikuvute. Hawisa alivuka barabara na aproni yake, akamshika yule mtu sikio, akamtoa nje kama mtoto mtukutu. Hapo ningemshukuru. Lakini aligeuka mlangoni kwangu, mbele ya wateja wangu wote, akasema, "Emota, dada yangu, pombe yako tamu, ila mlango hujui kuutunza."

Walicheka wiki nzima. Mtu akija kununua mtungi mmoja tu, lazima aguse mlango wangu, aupapase, aulize kama umetunzwa. Mimi si mtu wa kusahau. Nilimwamkia Hawisa asubuhi kama kawaida, wageni wakaendelea kuvuka barabara kama kawaida, lakini kooni palikuwa na mwiba.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Jumatatu, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martini, akaja Ranulf. Alikuwa mtoto wa dada yake Thurstan, liwali wetu. Utauliza kwa nini mtoto wa dada wa liwali alale nyumba ya wageni wakati mjomba wake ana jumba la ghorofa sokoni. Ni kwa sababu mke wa liwali hakutaka kumwona, na ukimsikia yule kijana akicheka ungeelewa. Alikuwa na farasi mzuri, viatu virefu, na jambia lenye mpini wa mfupa, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kidoleni.

Hawisa alinyoosha mkono mlangoni.

"Unajua mimi ni nani, mama?" akauliza Ranulf.

"Sijui, mwanangu. Ningejua ningekuuliza habari za nyumbani. Leta."

"Jambia hili limetoka kwa bwana mkubwa."

"Basi litakaa mahali pakubwa. Tazama, nimekuwekea kulabu ya katikati."

Alitoa, lakini alitoa kwa ncha, kusudi amkwaruze. Nilikuwa nafagia mlangoni kwangu, nikaona. Hawisa aliipokea ncha kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea samaki, akaingia ndani. Nitasema ukweli: siku ile, pamoja na mwiba wangu kooni, nilimsifu moyoni.

Jumanne Ranulf alicheza dado na hujaji mmoja mzee, akashindwa, akamzaba kofi. Hawisa akawaletea kile kikombe. Ranulf akakipokea, akakigeuza chini juu, pombe yote sakafuni. Katika miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Hawisa akachukua kitambaa, akapangusa, akamwambia, "Kesho unaondoka hapa, kijana." Akamlisha yule mzee mkate na jibini bure, akamlaza jikoni karibu na moto.

Kesho yake ni Jumatano, na naomba uishike vizuri siku hiyo. Asubuhi, jua limeshatoka, mimi niko dirishani namenya vitunguu. Liwali Thurstan akaja mwenyewe, na vazi lake lenye manyoya shingoni, watumishi wawili nyuma. Hakuingia. Alimwita Hawisa nje, barabarani, ili watu waone. Na watu walikuwapo: muuza mishumaa, wachota maji, Walter mwokaji na mkewe, wote hao nawataja kwa sababu wote hao baadaye walipoteza macho yao.

"Nasikia unamfukuza mpwa wangu," akasema liwali.

"Namfukuza, bwana. Anapiga wazee."

"Atakaa mpaka Ijumaa. Na jambia lake umrudishie. Mpwa wangu si mhuni wa kunyang'anywa vitu mlangoni."

"Bwana liwali, amri ya silaha umeisoma wewe mwenyewe pale sokoni. Nilikuwapo."

"Nimeisoma kwa ajili ya wahuni."

"Haikusema wahuni. Ilisema kila mgeni."

Liwali hakuwa mtu wa kubishana na mwanamke mwenye aproni. Alimtuma mtumishi wake ndani, akalitoa lile jambia kwenye kulabu, akampa liwali, na liwali kwa mkono wake mwenyewe akalitia kiunoni mwa mpwa wake. Akampigapiga begani. "Mimi ndiye mdhamini wake," akasema. "Kuna lingine?"

Hawisa akasema hakuna.

Alasiri alivuka barabara kuja kwangu, Ranulf nyuma yake na mzigo wake begani, anachekacheka. Hawisa alikuwa amechoka. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho, na mimi nililiona hilo.

"Emota," akasema, "ni siku ya tatu. Nakuletea mtu."

Nilijua ni mtu wa namna gani. Niliogopa, sikatai. Lakini siyo woga uliofungua mdomo wangu. Nilimwona Walter mwokaji amesimama kwenye ngazi zake anasikiliza, nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

"Uniletee mimi?" nikasema. "Mimi si ndiye nisiyejua kutunza mlango? Wewe ndiye fundi wa milango mji huu. Mtunze."

Walter akacheka. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia mtu akicheka upande wangu.

Hawisa akanitazama. "Unasema kweli?"

"Kweli tupu, bibie."

Hakunisihi. Alimchukua yule kijana akazunguka naye mpaka upande wa mtoni, kwenye nyumba nyingine mbili za wageni, na huko walipomwona usoni wakasema vitanda vimejaa. Kumwacha barabarani asingeweza, liwali ameshasema akae. Kengele ya jioni ikalia, akamrudisha kwake. Ukawa usiku wa tatu.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Hamo mtengeneza mapipa alikuja kwa Hawisa kufunga pete kwenye pipa lililokuwa linavuja. Hakuja kunywa. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyundo mkononi, anapiga mluzi. Ranulf akasema anamwimbia yeye ule mluzi, anamkejeli. Hamo akasema, "Kijana, mimi naliimbia pipa." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Hawisa alikuwa hatua tatu kutoka hapo, amebeba chungu cha njegere, akakitupa kile chungu, akamrukia Ranulf mgongoni, lakini jambia lilikuwa limeshaingia chini ya mbavu.

Hawisa alipiga yowe ambalo bado nalisikia nikiwa nimekaa kimya. Sote tukatoka kumfukuza muuaji, kama sheria inavyotaka yowe likipigwa, wenye majembe na majembe, mimi na mwiko. Ranulf alipita mbele yetu juu ya farasi wake akaelekea langoni. Mlinzi wa lango ni mtu wa liwali. Akalifungua, akampitisha, na sisi tulipofika akalifunga. Lilifungwa mbele yetu, si mbele yake. Tulisimama pale na majembe yetu kama mazuzu. Hamo alikufa jioni ile, akaacha mke na watoto wanne.

Baraza likapangwa Jumatatu. Jumapili, baada ya misa, Hawisa alinisubiri nje ya kanisa. Mikono yake, aliyomshikia Ranulf siku ile, ilikuwa na majeraha ya jambia, imefungwa vitambaa.

"Watakuita kuhusu hesabu ya siku," akasema. "Sikuombi udanganye kwa Injili. Sema siku zilizokuwa. Ila waambie na jambia limerudishwa na nani. Ulikuwa dirishani."

"Na wengine si walikuwapo?"

"Wengine nimeshawaendea."

Alinitazama nikaelewa wamemjibu nini. Nikamwambia nitaona. Ndivyo nilivyosema, nitaona, kama mtu anayeulizwa kama atanunua samaki.

Baraza lilijaa mpaka kwenye ngazi. Wazee kumi na wawili wa mji walikaa kwenye benchi, na kwenye kiti cha kuamua alikaa nani? Liwali Thurstan. Mjomba wa muuaji. Hakuna aliyepinga. Hawisa alisimama katikati. Alieleza yote, na alipofika kwenye jambia, liwali akamkata: "Tunauliza siku, mama. Mambo ya jambia hayajaulizwa." Kisha wakaniita mimi.

Niliweka mkono juu ya Injili.

"Emota, mjane wa Gilbert," akasema liwali, na sauti yake ilikuwa laini ajabu. "Mgeni Ranulf alilala nyumba ya mshtakiwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Zilizofuatana?"

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Umefanya vema, mama. Wewe ni mwanamke mwenye adabu. Kaa."

Nikakaa. Ninakuambia bila aibu kwamba nilikaa, nikatengeneza sketi yangu magotini. Wale kumi na wawili wakaanza kunong'onezana. Nikamtazama Hawisa, naye alikuwa anatazama sakafu. Halafu liwali akanitazama tena, akanitabasamia. Akanitabasamia kama tumekula njama pamoja, kama mimi na yeye ni kitu kimoja. Damu ikanichemka mpaka masikioni.

Nikasimama. "Jambia ulimrudishia wewe," nikasema.

"Mama, umeshamaliza kuulizwa."

"Ulimvalisha wewe, kwa mkono wako, barabarani, Jumatano asubuhi. Hawisa alilitundika, wewe ukalitundua. Ukasema wewe ndiye mdhamini wake. Mtu wa nyumba yako ni yule, si wa nyumba yake. Kama kuna mtu wa kumleta mbele ya baraza hili, mlete wewe, umemficha wewe."

Mzee mmoja wa lile benchi, muuza ngozi, akajikaza akauliza, "Kuna mwingine aliyeona?"

Muuza mishumaa alikuwa ukutani, akaona kitu kwenye kucha zake. Wachota maji wakatazama dari. Walter mwokaji, aliyesimama hatua kumi kutoka kwa liwali asubuhi ile, anayenijua mimi tangu nazaliwa, akasema yeye Jumatano huwa ana tanuri, haoni kitu. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Niliwatukana wote kwa majina yao na majina ya mama zao, na mtumishi wa liwali akanishika mkono akanitoa nje.

Hukumu nilisikia nikiwa kwenye ngazi. Neno la mwanamke mmoja halitoshi kumgusa liwali. Lakini siku tatu zilitosha, maana hizo hata Hawisa hakuzikana. Mgeni wa usiku wa tatu hakuletwa, basi mwenye nyumba anajibu. Nyumba ikachukuliwa, sehemu kwa mjane wa Hamo, sehemu kwa mfalme, na ile ya mfalme iliishia mikononi mwa nani mji wetu wote unajua na hausemi. Mchana uleule watumishi wakapanda ngazi wakauangusha mti uliokuwa juu ya mlango wake, ule wenye kichala cha majani unaowaambia wapita njia kuna pombe.

Hawisa alipewa muda wa kufunga mzigo mmoja. Nilivuka barabara nikamkuta amepiga magoti kizingitini, anakaza fundo la kamba kwa meno kwa kuwa vidole vilikuwa vimefungwa. Nikamsaidia kukaza. Nilikuwa bado na hasira, na nilitaka aione.

"Nimesema, Hawisa," nikamwambia. "Umenisikia? Mbele yao wote. Usoni mwake. Wale mbwa wengine wamenyamaza, lakini mimi nimesema."

"Nimesikia. Umesema vizuri."

"Nitakwenda mpaka kwa hakimu wa mfalme akija York. Nitamtaja Thurstan, nitamtaja Walter, nitawataja wote."

Aliinuka, akauweka mzigo begani, akaupima uzito. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulivumilia mpaka leo, kwamba hasira yote ilikuwa kwangu.

"Emota, dada yangu," akasema. "Jumatano nilikuja mlangoni kwako. Ungempokea tu."